Sanduku hili lilikuwa la nani? Majibu kwa wasomaji wenye masanduku ya kale

SWALI: Babu yetu alikuwa karani katika shamba la mkonge huku Tanga. Alituachia tranka kubwa la kizungu, rangi ya kahawia, limejaa maua na herufi L na V zilizopishana. Ubavuni pameandikwa H.v.B. kwa rangi nyekundu, na juu yake kuna kitaji kidogo. Pana pia karatasi ya meli iliyochanika: katikati ina herufi B kubwa, chini yake yanabaki maandishi “…TUSSI”. Ndani ya kifuniko kuna kikaratasi chenye namba na anwani ya 70 Champs-Élysées, na kitasa kina namba nyingine kabisa. Sasa wajukuu tumegawanyika. Mmoja anataka tulisugue ling'ae tuliuze, mwingine anaapa lilikuwa la gavana wa Kijerumani. Tutajuaje? (Familia moja, Tanga)

JIBU: Msilisugue. Wengi hutuuliza wakati sabuni imeshafanya kazi yake, na herufi zilizokuwa zinasomeka zimeondoka na uchafu. Kwenye sanduku la safari uchafu na maandishi vimekaa tabaka moja, kwa hiyo kwanza someni, mengine baadaye.

Kusoma kwenyewe kunahitaji simu na chumba chenye giza. Washeni tochi ya simu moja, muishike karibu kabisa na ubavu wa sanduku ili mwanga utambae juu ya turubai badala ya kulipiga usoni. Rangi ya zamani, hata ikiwa imefutwa, huacha kingo nyembamba mno, na mwanga wa kutambaa huzitupia kivuli. Pigeni picha kwa simu ya pili, kisha hamisheni tochi upande wa pili mrudie. Angalieni hasa chini ya hiyo H.v.B., maana mmiliki wa pili alikuwa akipaka herufi zake juu ya za yule wa kwanza bila haya. Pigeni pande zote sita, trei za ndani na kitasa, na rula iwe kwenye kila picha. Karatasi ya meli msiibandue hata kidogo.

Sasa umri. Hizo L na V ni za Louis Vuitton, fundi wa masanduku, aliyefungua duka lake Paris mwaka 1854. Mwaka 1858 alitoa sanduku lenye kifuniko bapa, la turubai la kijivu. Masanduku ya kabla yake yalikuwa na mgongo wa duara ili maji ya mvua yateleze, lakini hayapangiki moja juu ya jingine, na kwenye behewa la treni au tumboni mwa meli hilo ni tatizo kubwa. Wengine walipomwiga akabadilisha turubai: mistari mwaka 1872, vyumba vya drafti mwaka 1888. Yeye alifariki mwaka 1892. Maua na herufi mnazoziona zilibuniwa na mwanawe, Georges, mwaka 1896. Basi sanduku lenu haliwezi kuwa la kabla ya hapo.

Anwani inabana zaidi. Kabla ya 1914 duka la Paris lilikuwa 1 Rue Scribe. Lilihamia 70 Champs-Élysées mwaka 1914 na kukaa hapo hadi 1954. Na hapa ndipo gavana wenu anapoanguka. Vita vilianza Agosti 1914, na Mjerumani aliyekuwa Afrika Mashariki hakuwa na njia ya kuagiza sanduku Paris. Gavana wa mwisho, Heinrich Schnee, alikuwa porini na jeshi la Kijerumani la Jenerali Lettow-Vorbeck hadi Novemba 1918. Herufi zake hata hivyo ni H.S.

Karatasi ya meli nayo inazungumza. “…TUSSI” ni Watussi, meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ya Hamburg. Iliundwa mwaka 1928, na mabaharia wake wenyewe waliizamisha karibu na Afrika Kusini Desemba 1939 ili Waingereza wasiiteke. Kwa hiyo safari hiyo ilikuwa kati ya miaka hiyo miwili, hakuna namna nyingine. Ile B kubwa ya katikati ni ya wapagazi: mizigo ilipangwa bandarini kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo ili abiria aipate ya kwake upesi. Mjerumani mwenye “von” hupangwa kwa jina linalofuata, ndiyo maana imeandikwa B na si V. Karatasi na rangi ya ubavuni zinakubaliana, nanyi mna haki ya kuamini kwamba aliyesafiri na Watussi ndiye H.v.B.

Hesabuni lulu za kitaji, vile vidoto vya juu. Kwa desturi ya Kijerumani lulu 5 ni za mtu wa ukoo bora asiye na cheo, 7 za baroni, yaani Freiherr, na 9 za Graf, cheo kilicho juu ya baroni. Msitumie hesabu hiyo kwa sanduku la Mwingereza, kwani taji la baroni wao huchorwa lulu 4 zikionekana. Pia kitaji hakina risiti: mtu yeyote mwenye pesa ya mpaka rangi aliweza kukiagiza.

Kuhusu namba mbili. Ya kwenye kikaratasi ni namba ya sanduku. Ya kwenye kitasa ni ya ufunguo. Mteja wa kudumu aliweza kuomba masanduku yake yote yafunguke kwa ufunguo mmoja, kwa hiyo namba ya kitasa inaweza kuwa ileile kwenye masanduku matano ya mtu mmoja. Wauzaji huzichanganya kila siku. Mkiiandikia kampuni Paris, pelekeni zote mbili, kila moja ikiwa na jina lake, pamoja na picha. Jina likipatikana litakuwa la mnunuzi wa kwanza tu, na sanduku la mwaka 1920 linaweza kuwa limepita mikono mitatu kabla ya kufika Tanga.

Mpeni H.v.B. jina kwa njia nyingine. Baada ya Vita vya Kwanza Wajerumani walifukuzwa Tanganyika na mali zao zikapigwa mnada, na waliruhusiwa kurudi mwaka 1925. Mwaka 1939 walikamatwa tena, mashamba yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Maadui. Kwa hiyo kuna karatasi. Orodha za abiria walioondoka Hamburg, za 1850 hadi 1934, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji huo, isipokuwa miaka ya vita. Majalada ya mashamba na matangazo ya gazeti la serikali tafuteni Idara ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mkitaja jina la shamba na wilaya, kwa sababu jina la mtu peke yake litawachelewesha.

Lakini kabla ya nauli ya Dar, fungueni mkoba wa karatasi za babu. Karani wa shamba alikuwa na cheti cha kazi, barua ya sifa, pengine kijitabu cha mishahara, na chini yake kuna sahihi ya meneja. Wekeni sahihi hiyo kando ya picha ya ubavu wa sanduku. Ikisoma B, mmemaliza nusu ya kazi mkiwa mmekaa sebuleni.

SWALI: Nina sanduku la aina hiyohiyo hapa Mombasa. Lina harufu ya uvundo, ngozi ya vishikio inatoa unga mwekundu, na chini ya trei kuna vitundu vidogo vyenye unga wa mbao. Nianze wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Anza na vitundu, dada au kaka, maana harufu haili sanduku. Mwili wa masanduku haya ni mbao nyepesi za poplari, mapapi ya nje ni ya mti mgumu zaidi, beechi. Wadudu huenda kwenye poplari. Weka karatasi nyeusi chini ya sanduku, ligonge taratibu kwa ngumi, uache siku 7. Ukikuta vijirundo vipya vya unga mweupe, wadudu wako hai. Unga wa zamani huwa umefifia na haurudi ukishafagiliwa.

Trei inaingia kwenye friza, sanduku haliingii. Funga trei kwa plastiki mara mbili, toa hewa, ziba kwa gundi ya utepe, iache kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiitoa, usifungue plastiki kwa saa 24. Umande utatua nje ya plastiki, na ukiharakisha utatua kwenye bitana. Sanduku lenyewe mpe fundi wa kufukiza, umwambie mapema kwamba halinyunyiziwi dawa ya maji. Na tafadhali usilifunge kwenye plastiki nyeusi juani. Gundi ya zamani ya ngozi za wanyama hulainika kwa joto, na turubai litanyanyuka mabaka mabaka kama chapati.

Uvundo: sanduku wazi, kivulini, penye upepo, siku kavu za kaskazi. Ukungu mkavu ufyonze kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyofungwa kipande cha chandarua mdomoni, uvae barakoa. Halafu mabakuli 2 ya mkaa wa kawaida ndani, kifuniko kikiachwa wazi upana wa vidole viwili, wiki 3. Mkaa badilisha kila wiki. Marashi, udi na kahawa huongeza harufu nyingine juu ya ile ya kwanza, basi. Hewa ya Mombasa ina unyevu zaidi ya ule ambao sanduku hili linautaka, asilimia 45 hadi 55, kwa hiyo uvundo utarudi ukiliegemeza ukutani. Linyanyue juu ya vigogo vya sentimita 5 na uache nafasi ya kiganja nyuma yake.

Unga mwekundu wa ngozi ni kuoza kunakoletwa na tindikali. Hapa watu huharibu kwa nia njema, wakipaka mafuta ya nazi au rangi ya viatu. Ngozi ya hivyo ikiguswa na maji au mafuta hubadilika kuwa nyeusi na ngumu, wala hairudi. Dawa yake ni Klucel G, unga wa selulosi unaotumiwa na wahifadhi wa vitu vya kale, gramu 2 katika mililita 100 za spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, na spiriti ya jiko ina rangi. Acha mchanganyiko usiku mmoja hadi uwe kama uji mwepesi, paka kwa brashi laini, koti moja, subiri saa 24, rudia ikiwa kidole bado kinatoka na unga. Haitafanya ngozi kuwa mpya. Itaizuia kudondoka. Na kuanzia leo sanduku libebeni wawili, mikono ikiwa chini ya kitako. Kishikio cha miaka 90 kikikatika, hukatika ukiwa kwenye ngazi.

Shaba isugue kwa mswaki mkavu tu. Dawa za kung'arisha huacha uji mweupe kwenye kingo za turubai, na hulainisha chapa iliyogongwa kwenye vichwa vya misumari, ambayo ni ushahidi.

SWALI: Tranka limefungwa, ufunguo haupo, na fundi anataka kukata bawaba za nyuma. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Mzuie. Masanduku mengi ya Paris hayana bawaba za chuma nyuma. Kilichoshika kifuniko ni ukanda wa turubai nzito uliogundishwa urefu wote, na ukikatwa sanduku limekwisha thamani.

Hakikisha kwanza kwamba limefungwa kweli. Vikamatio viwili vya pembeni vikishaachiwa, kifuniko huweza kubaki kimeng'ang'ania kwa sababu mbao zimepinda na ulimi wa kitasa umebanwa. Mtu mmoja akandamize kifuniko kwa viganja vyote viwili juu ya kitasa kabisa, mwingine avute ulimi. Mara nyingi hufunguka hapo.

Kama limefungwa, andika namba iliyo kwenye bamba la kitasa na uulize kampuni kuhusu ufunguo wa namba hiyo. Vitasa vya Vuitton vya kuanzia mwisho wa karne ya 19 vina vikonyo 5 ndani, na ufunguo wa tranka la shule hautaviinua hata ukikaribia kufanana. Fundi mzuri wa kufuli huchonga kwa kufuata alama ndani ya tundu bila kuvunja kitu. Kulainisha, kwangua risasi ya penseli ya 2B iwe unga na uupulize tunduni. Usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, yanashika vumbi na mwaka ujao utakuwa na gamu.

SWALI: Muuzaji hapa Muscat ananiuzia sanduku la kusimama la nguo, limejaa karatasi za hoteli za Cairo, Bombay na Zanzibar. Anasema lilikuwa la mtu mkubwa sana, lakini jina atalitaja baada ya malipo. (Msomaji, Oman)

JIBU: Jina linalotajwa baada ya malipo lina thamani ya sifuri, na bei ihesabiwe hivyo. Mwombe risiti ya mnada yenye namba, barua, au picha ya zamani inayoonyesha sanduku hilohilo. Kama hana, unanunua sanduku tu.

Karatasi za hoteli ndizo zinazoghushiwa kuliko chochote, kwa kuwa ni rahisi kuchapisha. Nenda na taa ndogo ya kukagulia noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau. Karatasi za viwandani za takriban 1950 na kuendelea huwekwa ving'arishi, nazo huwaka weupe wa bluu chini ya taa hiyo kama kanzu mpya disko. Karatasi ya mwaka 1930 hubaki imepooza. Halafu chukua kioo cha kukuza mara 10: vidoto vya rangi vilivyosambaa bila mpangilio ni printa ya ofisini.

Tazama pia zilivyobandikwa. Mpagazi wa hoteli alikuwa na masanduku arobaini na treni ya saa mbili. Alibandika upogo, nyingine juu ya nyingine, nyingine ikapanda papi na kuchanika pale papi liliposuguliwa. Karatasi 12 zilizopangwa kama picha ukutani zimebandikwa na mtu mwenye muda. Mkwaruzo mrefu upite juu ya turubai na karatasi pamoja. Ukikatika kwenye ukingo wa karatasi na kuendelea upande wa pili, karatasi imekuja baada ya mkwaruzo.

Tarehe nazo zilinganishwe. Turubai laini la plastiki lenye maua yale ni la kuanzia 1959, ilhali hoteli ya awali ya Shepheard's, Cairo, iliungua Januari 1952. Hoteli ya Taj Mahal ya Bombay ilifunguliwa mwaka 1903, kwa hiyo karatasi yake haiwezi kuwa na hadithi ya 1895. Mwisho fungua droo: bitana mpya, shaba iliyopakwa vanishi na rafu zilizogeuzwa kabati la vinywaji vyote hushusha bei, hata kama muuzaji anaviita matengenezo.

SWALI: Je, kasha la njumu la bibi yangu ni la daraja hilohilo? Tunaambiwa limetoka Uajemi. (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ni jamaa mwingine kabisa, na hakuna haja ya kuyashindanisha. Makasha mengi ya pwani yaliyojaa njumu na mabamba ya shaba yaliundwa India, hasa upande wa Surat, Bombay na Malabar, yakaja na majahazi. Oman huitwa mandoos. Yametengenezwa pia hapa pwani, na mapya yanaendelea kutengenezwa, kwa hiyo angalia chini ya kitako na nyuma ya droo: msumeno wa mkono huacha mistari isiyo sawa, wa mashine huacha mistari sambamba au ya tao. Njumu za zamani zina vichwa visivyolingana. Umiliki wake hauandikwi nje kama masanduku ya meli. Unafuatwa kwa hati za mahari na mirathi, pamoja na kijidroo kidogo cha pembeni ndani, ambacho familia nyingi zilikitumia kuwekea karatasi. Kitoe chote, upapase nyuma yake kwa kidole.